Tovuti kwa ajili ya simu: moja, mbili, ya kusakinisha au aplikesheni?

Mwambie fundi unataka tovuti inayofanya kazi vizuri kwenye simu, naye anaweza kukuletea kimojawapo kati ya vitu vinne tofauti kabisa, kila kimoja na bei yake, na chochote atakacholeta atakuapia kwamba ndicho ulichoomba. Kuna tovuti moja inayojirekebisha kulingana na upana wa skrini. Kuna tovuti mbili: ya kompyuta kwenye anwani yako ya kawaida, na ya simu kwenye anwani inayoanza na m na nukta. Kuna tovuti inayoweza kusakinishwa ikakaa kwenye simu kama aplikesheni, ambayo mafundi huiita PWA. Na kuna aplikesheni yenyewe, ya kupakua Play Store au App Store.

Ulinganisho huu ni wa mwenye biashara ndogo au ya kati: duka la nguo Kariakoo, nyumba ya wageni Paje, shule binafsi Arusha, saccos Nakuru. Mtu ambaye hana idara ya tehama na fedha anazolipa ni zake. Benki na kampuni za simu wana watu wao wa kuwashauri.

Nitavipima vyote vinne kwa jambo moja: ni kitu gani hasa kinachofika kwenye simu ya mteja, kina uzito gani, na gharama ya kukifikisha anailipa nani. Huku kwetu anayelipa ni mteja, kwa bando lake. Mafundi wengi hupima kwa macho tu. Wanafungua tovuti kwenye kompyuta, wanalibana dirisha la kivinjari, wanaona vitu vinajipanga, kazi imekwisha. Kujipanga ni nusu ya kazi. Tovuti inaweza kukaa sawasawa kwenye skrini ya Itel na bado ikachukua dakika nzima kufunguka, na mteja aliyeko kwenye daladala hana hiyo dakika.

| | Moja inayojirekebisha | Ya pili ya m. | Ya kusakinisha (PWA) | Aplikesheni |
|---|---|---|---|---|
| Gharama ya kuanza | Ndogo hadi ya kati | Ya kati | Ya kati | Kubwa |
| Mteja anaifikiaje | Linki, Google | Linki, ila anwani ni mbili | Linki, kisha akipenda anasakinisha | Lazima apakue kwanza |
| Mtandao ukikata | Haifunguki | Haifunguki | Kurasa zilizohifadhiwa hufunguka | Hufunguka, ikiwa iliundwa hivyo |
| Kubadilisha bei ya bidhaa | Mara moja | Mara mbili, usipokuwa na hifadhidata moja | Mara moja, ila chunga kache (nakala iliyohifadhiwa kwenye simu) | Mara moja, bei zikitoka kwenye seva (kompyuta inayoendesha mfumo wako) |
| Inamfaa nani | Wengi wetu | Mwenye mfumo wa zamani usiogusika | Mwenye wateja wanaorudi kila wiki | Mwenye watumiaji wa kila siku |

Tovuti moja inayojirekebisha

iPhone ilipotoka mwaka 2007, tovuti karibu zote zilikuwa za kompyuta. Kivinjari chake, Safari, kikaja na ujanja: kilijifanya kina upana wa pikseli 980, kikauchora ukurasa mzima, halafu kikaupunguza uenee kwenye kioo kidogo. Vivinjari vingine vikaiga. Ndiyo maana hata leo unakutana na tovuti ambayo herufi zake hazisomeki mpaka uzipanue kwa vidole viwili. Mara nyingi tatizo ni mstari mmoja uliosahaulika kwenye kichwa cha ukurasa:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Mstari huo unakiambia kivinjari kitumie upana halisi wa simu. Mwombe fundi akuonyeshe ulipo. Ukikuta ndani yake ameongeza `user-scalable=no`, mwambie aiondoe, kwa sababu imewekwa kumzuia mtu asikuze maandishi, na mteja wako mwenye miaka sitini anahitaji kuyakuza.

Mei 2010 Ethan Marcotte, msanifu wa Marekani, aliandika makala iliyoupa mtindo huu jina na misingi mitatu: safu zinazonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na masharti ya CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa) yanayobadilisha mpangilio skrini inapofika upana fulani. Mwaka mmoja kabla yake, Luke Wroblewski alikuwa ameshaanza kuhubiri kwamba usanifu uanzie kwenye simu, kompyuta ifuate. Fikra hizi mbili huchanganywa, na mtu akiwa na ya kwanza hudhani anayo na ya pili. Hapo ndipo penye tofauti ya uzito.

Fundi anayeanza na kompyuta hupanga kila kitu: picha tano zinazopishana juu ya ukurasa, video ya bahari, safu ya pembeni yenye habari mpya, ramani. Akifika kwenye simu anaona vimejazana, basi anavificha kwa `display: none`. Kwa macho vimeondoka. Kwenye bando vipo vilevile, kwa sababu picha iliyofichwa namna hiyo kwa kawaida inapakuliwa kama kawaida, kisha haionyeshwi. Mteja amelipia video ambayo hakuiona. Fundi anayeanza na simu huandika ukurasa wa safu moja wenye yale tu ambayo mteja ameyafuata, na skrini ikipanuka ndipo anaongeza. Tovuti zote mbili zitaitwa zinajirekebisha, na kwenye risiti zitaandikwa jina lilelile.

Tuichukue ile nyumba ya wageni ya Paje. Mwenye nyumba amepiga picha za vyumba kwa simu yake nzuri, kila picha ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti kadhaa, na zimepandishwa kwenye tovuti zilivyo. Simu nyingi za bei ya kawaida, Tecno, Infinix na Itel, zina skrini ya upana wa pikseli 720. Ukichukua hata picha ya 1600 kwa 1200, ina pikseli 1,920,000. Ile inayoitosha simu hiyo, 720 kwa 540, ina 388,800. Ni karibu mara tano, na mgeni anayetazama hataona tofauti yoyote. Mwambie fundi atumie `srcset`, ambayo humwachia kivinjari orodha ya picha za ukubwa mbalimbali kichague inayokitosha, na azihifadhi kwa muundo wa WebP. WebP ilitolewa na Google mwaka 2010. Safari ilichelewa kuikubali hadi 2020, lakini siku hizi hakuna tena kisingizio.

Picha za chini ya ukurasa ziwekewe `loading="lazy"` ili zipakuliwe pale mtu anaposhuka kuzifikia. Picha ya kwanza kabisa isiwekewe. Naona templeti, yaani mipangilio iliyotengenezwa tayari, zinazoweka sifa hiyo kwenye kila picha bila kuchagua, na matokeo yake ile picha ambayo mteja anaingojea ndiyo inayochelewa kuliko zote. Kila picha pia itajwe urefu na upana wake kwenye HTML (msimbo wa ukurasa wenyewe), la sivyo ukurasa utaruka kila picha inapofika: mtu anataka kugusa "Lipia", maandishi yanasukumwa chini, kidole kinaangukia "Ghairi".

Ndani ya chaguo hili kuna jingine dogo: templeti ya WordPress, mfumo unaokuwezesha kubadilisha tovuti mwenyewe, au kuandikiwa upya. Templeti ni nafuu na inaisha haraka. Zile zinazopangwa kwa kuburuta na kudondosha vipande, hata hivyo, huja na mafaili mengi ya JavaScript (msimbo unaoendesha vitendo vya ukurasa) na CSS kwa ajili ya mapambo usiyoyatumia. Kama bajeti ni ya templeti, chukua iliyo sahili kuliko zote, isiyo na picha zinazojizungusha, na uweke fonti moja. Tovuti ya kurasa sita ya shule au ya nyumba ya wageni wala haihitaji WordPress. Kurasa za HTML zilizoandikwa kwa mkono zitafunguka haraka kuliko templeti yoyote, ila kila badiliko utamhitaji fundi. Mimi ningemchagulia mwenye nyumba ya Paje HTML, na mwenye duka linalobadilisha bidhaa kila wiki WordPress.

Jambo ambalo templeti za nje hazilijui ni urefu wa maneno yetu. Menyu iliyochorwa kwa "Home, About, Contact" inakaa mstari mmoja bila shida. Iandike "Mwanzo, Kuhusu sisi, Wasiliana nasi, Nafasi za kazi" uone inavyovunjika na kukalia nembo. Vitufe navyo: "Thibitisha malipo" inahitaji nafasi mara mbili ya ile iliyotengewa. Fundi ajaze maneno halisi ya Kiswahili tangu siku ya kwanza, asikuonyeshe usanifu uliojazwa Kilatini cha kubahatisha.

Kuhusu menyu iliyofichwa nyuma ya mistari mitatu, maoni yangu ni mafupi: ukiwa na viungo vinne au pungufu, viache vionekane. Vikizidi, ficha vilivyobaki, lakini bei na namba ya simu zisifichwe kamwe.

Fomu na malipo, kwa njia yoyote utakayochagua

Hapa ndipo fedha zinapopotelea, na aplikesheni ya mamilioni inaweza kukosea sawasawa na tovuti ya laki tatu. Anza na kisanduku cha namba ya simu. Kikiachwa kuwa cha maandishi ya kawaida, mteja akikigusa inapanda kibodi ya herufi na inabidi atafute tarakimu. `type="tel"` huleta tarakimu kubwa moja kwa moja. Wengine huweka `type="number"` wakidhani ndiyo sahihi zaidi. Namba ya simu si ya kujumlisha. Mfumo ukiihifadhi kama hesabu, sifuri ya mwanzo inaondoka, 0754 inabaki 754, na mteja anaambiwa amekosea namba yake mwenyewe. Halafu kuna anayeanza na 07, anayeanza na 255, na anayeweka alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Zote ni namba moja. Kuzisafisha ni kazi ya seva.

Herufi ndani ya visanduku zisipungue pikseli 16. Zikipungua, iPhone hukuza ukurasa wenyewe mteja anapogusa kisanduku, upande wa kulia unatoka nje ya kioo, na wengi hawajui namna ya kuurudisha. Vitufe viwe na ukubwa wa kidole gumba: Apple wanashauri vipimo 44 kila upande, Google 48, na kiwango cha kimataifa cha ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2, kilichotoka Oktoba 2023, kinaweka 24 kuwa chini kabisa. Fuata 44 au 48. Rangi nazo zizingatie jua: maandishi ya kijivu juu ya kijivu yanapendeza ofisini, lakini ukisimama nje saa sita mchana huoni kitu.

Sasa malipo. Mteja ameweka namba yake, seva imetuma ombi, na kwenye simu yake kinatokea kidirisha cha kuweka PIN ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx. Salio limepungua. Anatoka kwenye kivinjari, anapiga \*150\*00# kuangalia, anamwomba ndugu amtumie elfu kumi, anasubiri ujumbe uingie, ndipo anarudi. Kwenye simu yenye RAM ndogo, Android inaweza kuwa imeshakifunga kile kivinjari kimyakimya ili kupata nafasi. Ukurasa unajipakia upya. Kama oda ilikuwa inakumbukwa na ukurasa peke yake, imefutika, na huenda fedha zimeshakatwa. Oda inatakiwa iandikwe kwenye seva na kupewa namba kabla ombi la PIN halijatumwa, na mteja akirudi, ukurasa uiulize seva: hii imelipwa? Uthibitisho wa mtandao wa simu huja kwa seva. Usitegemee kabisa kwamba mteja atakuwa bado anautazama ukurasa.

Muulize fundi swali hilo moja, "mteja akitoka katikati ya malipo akarudi baada ya dakika kumi atakuta nini?", na jibu lake litakuonyesha uzoefu wake kuliko picha za kazi zake zote.

Biashara nyingi zitamaliza mauzo WhatsApp hata hivyo, na hilo si aibu. Weka linki ya `wa.me/` ikifuatiwa na namba yako kuanzia 255 au 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri, na linki ya `tel:` pembeni yake. Namba iliyoandikwa ndani ya picha ya bango haiguswi wala hainakiliwi. Mtu hawezi kuikariri huku akifungua sehemu ya kupigia.

Tovuti ya pili ya m.

Mtindo huu ulikuwa na heshima yake. Facebook ilipozindua 0.facebook.com mwaka 2010, maandishi matupu bila picha, watu wengi Afrika walipata kuingia mtandaoni kwa simu ambazo hazikuwa na uwezo wa kitu kingine. Wikipedia nayo iliwahudumia wasomaji wa simu kwa anwani yenye m kwa miaka mingi. Faida yake iko wazi: unaandika upya kila kitu kwa ajili ya simu, kwa hiyo hakuna kilichofichwa, na uzito unaweza kuwa mdogo kuliko njia nyingine zote.

Shida ni kwamba ni tovuti mbili. Bei inabadilishwa huku na kusahaulika kule. Mtu aliyeko kwenye simu anatuma linki kwenye kundi la WhatsApp, aliyeko kwenye kompyuta anaifungua na kukuta safu nyembamba katikati ya kioo kikubwa. Na Google ilitangaza Novemba 2016 kwamba itaanza kuorodhesha tovuti kwa kutazama toleo lake la simu, ikaikamilisha kazi hiyo mwaka 2024. Ina maana ukiipunguza tovuti ya m iwe na nusu ya maelezo, hiyo nusu ndiyo Google wanayoijua, hata kwa anayetafuta akiwa kwenye kompyuta.

Ningeichagua katika hali moja: una mfumo wa zamani, wa chuo au wa ofisi, ambao aliyeuandika hayupo na hakuna anayethubutu kuugusa. Hapo tovuti ndogo ya m inayosoma hifadhidata ileile ni njia ya kupumulia.

Binamu yake ni AMP, muundo wa kurasa nyepesi ambao Google waliutangaza Oktoba 2015. Magazeti yaliukimbilia kwa sababu ndio uliokuwa tiketi ya kuingia kwenye habari za juu za Google. Sharti hilo liliondolewa 2021. Akikuuzia mtu AMP leo, mwachie aendelee na safari yake.

Tovuti ya kusakinisha

Jina la PWA lilibuniwa mwaka 2015 na Frances Berriman na Alex Russell. Ni tovuti ya kawaida, inayojirekebisha, iliyoongezewa vitu viwili: faili fupi linaloeleza jina na alama yake, na msimbo uitwao service worker unaokaa kati ya ukurasa na mtandao ukiamua kipi kichukuliwe kwenye hifadhi ya simu na kipi kikaletwe upya. Lazima iwe kwenye HTTPS, yaani muunganisho salama, jambo ambalo si gharama tena, kwani Let's Encrypt hutoa vyeti bure.

Kwa bando la mteja hii ndiyo nzuri kuliko zote, ila kuanzia mara ya pili. Mara ya kwanza anapakua kila kitu kama kwenye tovuti yoyote. Akirudi, nembo, fonti, menyu na mpangilio vinatoka kwenye simu yake, na mtandao unaletea bei na bidhaa mpya peke yake. Twitter walipotaka kuwafikia wenye mtandao unaosuasua, Aprili 2017, walizindua Twitter Lite kwa njia hii hii. Saccos ambayo wanachama wanaangalia michango yao kila wiki inafaidika. Nyumba ya wageni haifaidiki, kwa sababu mgeni anakuja mara moja kwa mwaka na hiyo mara ya pili haifiki.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kache. Service worker iliyoandikwa vibaya huendelea kuonyesha bei ya mwezi uliopita, na mteja anakuja dukani ameshika simu anakuonyesha bei ambayo wewe umeshaifuta. Fundi akuonyeshe kwa vitendo: abadilishe bei, kisha simu iliyokwisha kusakinisha ifunguliwe, muone wote wawili bei mpya inaonekana lini.

Wa pili ni kwamba usakinishaji si sawa kwenye simu zote. Kwenye Android, Chrome humwalika mtu kusakinisha. Kwenye iPhone mtu mwenyewe aende kwenye kitufe cha kushiriki, atafute sehemu ya kuongeza kwenye skrini ya mwanzo, na wengi hawajawahi kuigusa. Arifa nazo zimeruhusiwa tangu iOS 16.4 ya Machi 2023, tena kwa aliyekwisha kusakinisha tu. Na mteja aliyegusa linki ndani ya Instagram anaifungua kwenye kivinjari cha Instagram chenyewe, ambako kusakinisha hakupo. Kama wateja wako wengi wanatoka Instagram, usijenge mpango wako wote juu ya usakinishaji.

Aplikesheni

Ada ya kufungua akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja. Apple wanatoza dola 99 kila mwaka. Hizo ni senti ukilinganisha na kinachofuata. Google huwataka waundaji waendane na matoleo mapya ya Android mwaka hadi mwaka, na aplikesheni isiyohudumiwa hufika mahali haionekani tena Play Store kwa mtu mpya mwenye simu mpya. Akaunti mpya za mtu binafsi nazo lazima zifanye majaribio kwanza: tangu mwisho wa 2024 ni watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Fundi anayekuahidi "wiki hii iko Play Store" huenda hajapitia njia hiyo.

Upande wa mteja ni mgumu zaidi. Anatakiwa atafute, apakue, atoe ruhusa, ajiandikishe, yote kabla hajaona bidhaa hata moja. Simu yenye hifadhi ndogo tayari imejaa picha za harusi na video za makundi ya familia, na ikisema nafasi haitoshi, ya kwanza kufutwa ni ya duka alilonunua mara moja. Nimesikia wafanyabiashara wakisema aplikesheni inaleta heshima. Inaleta, kwa wafanyabiashara wenzao.

Ziko kazi ambazo tovuti haiziwezi, au ambazo aplikesheni huzifanya vizuri zaidi. Dereva wa bodaboda anayefuatiliwa mahali alipo simu ikiwa mfukoni. Mhudumu wa afya ya jamii anayejaza taarifa za kaya siku nzima kijijini pasipo mtandao, kisha azitume zote akifika barabarani. Duka la jumla ambalo wenye maduka ya rejareja wanaagiza kila asubuhi. Mtu akiitumia kila siku, uzito wa kuipakua mara moja unalipa. Hata hapo, anza na tovuti, uone nani anarudi kila siku, halafu ndipo uwajengee hao.

Kupima kabla hujamalizia malipo ya fundi

Usipimie kwenye simu yako. Wewe una simu nzuri, umekaa kwenye WiFi ya ofisi, na tovuti umeshaifungua mara nyingi kiasi kwamba nusu yake imo kwenye kache. Azima simu ya mlinzi au ya kijana wa dukani, zima WiFi, toka nje juani, fungua linki kutoka WhatsApp. Mpe mtu asiyeijua tovuti kazi moja, "tafuta bei ya chumba cha watu wawili uweke nafasi", kisha nyamaza. Pale kidole kinaposita ndipo pa kurekebisha.

Halafu pitisha anwani kwenye PageSpeed Insights ya Google, ambayo ni bure, na utazame upande wa simu. Vipimo vitatu vinatosha: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kipimo cha kurukaruka kisizidi 0.1. Kipimo cha mguso, INP, kilichukua nafasi ya kile cha zamani, FID, Machi 2024, kwa hiyo fundi anayekuletea ripoti yenye FID anakuletea ya zamani. Tovuti changa huenda isiwe na takwimu za watumiaji halisi, ikapewa za maabara tu. Zichukulie kama dokezo.

Mwisho, ifungue kwenye Opera Mini. Kivinjari hiki hupitisha kurasa kwenye seva zake na kuzibana kabla ya kuzituma, na katika hali yake ya kubana sana JavaScript haifanyi kazi kikamilifu kwenye simu. Menyu inaweza isifunguke na picha zinazojizungusha zikaganda. Kama bado mtu anaona bei, mahali ulipo na namba ya kupiga, tovuti imepita.

Kama tayari unayo ya m.

Wengi wanaonisoma hawaanzi upya. Wana tovuti ya kompyuta na ile ya m iliyojengwa miaka ya nyuma, na wanataka kuziunganisha ziwe moja inayojirekebisha. Kosa linalovunja biashara hapa ni kuelekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu aliyehifadhi linki ya gauni fulani anaishia kwenye picha ya kukaribishwa, na Google nao wanaiona ile linki kuwa imekufa. Kila ukurasa wa m uelekezwe kwenye ukurasa mwenzake hasa, kwa njia ya 301 ambayo ni ya kudumu. Fundi atengeneze jedwali la anwani za zamani na mpya, wewe ulipitie kwa macho yako hasa kwenye bidhaa zinazouza, na domeni ndogo ya m uendelee kuilipia na kuiacha ikielekeza, maana linki za WhatsApp zinaweza kufunguliwa hata miaka mitatu baadaye.